Anayehama Benchi Hachekwi

3 Machi

Mwanangu, kitindamimba wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu, wewe na hiyo mashine yako ya kuandikia. Huku tu wazima. Mama yako mzima, mimi mzima, paka mzima ila amenenepa hata kuruka dirisha sasa anafikiria mara mbili. Wasiwasi wetu ni wewe tu. Unakula? Usinijibu "ndiyo Baba" kama kawaida yako, niambie umekula nini.

Utashangaa kupata barua katika zama hizi. Simu yangu imeharibika. Ukinipigia naisikia inaita, lakini nikipokea, sauti yako inakuja kama mtu anayeongea huku amefunikwa mto. Mimi, fundi redio wa miaka thelathini na moja, nimeifungua mara mbili na sioni ubovu wake. Basi tuandikiane. Mwandiko wako nilikufundisha mwenyewe, nina haki ya kuufaidi.

Alhamisi palichangamka hapa dukani. Alikuja mteja mgeni na redio yake ya mezani, akajikalia zake benchi la dirishani hata kipindi hakijaanza. Nikamwinua! Nikamwambia, "Bwana, hapa hatukai hovyo. Alhamisi tunasikiliza mjadala wa redioni. Ukikubaliana na mzungumzaji wa kwanza, unakaa dirishani. Ukimpinga, unakaa mlangoni. Lakini hukai popote mpaka uwe umesikia pande zote mbili. Na kabla hujampinga mtu, sharti uiseme hoja yake vizuri mpaka anayemuunga mkono aseme 'ndivyo'. Ukishawishika, unahama benchi, na anayehama hachekwi. Anapewa chai wa kwanza." Yule bwana akaniuliza kama hapa ni duka au mahakama. Nikamwambia ni duka, mahakamani hakuna chai.

Na mjadala wenyewe! Ngurumo, yule mtangazaji wa zamani wa mpira mwenye sauti ya pipa, alikabiliana na Daktari wa Masikio. Ngurumo alisema watu waache kukimbilia vifaa vya kusikilizia. Sikio likisaidiwa, anasema, linazembea, kama mguu uliopewa mkongojo. Babu yake alisikia vizuri mpaka miaka tisini bila kifaa chochote. Hoja imenyooka kama rula. Yule Daktari, maskini, alinung'unika tu muda wote. Sikuona alichojibu. Cha ajabu, wote wakaenda mlangoni! Mwalimu mstaafu, mshonaji, hata Kiraka fundi viatu, rafiki yangu wa damu. Nikabaki peke yangu dirishani kama nguo iliyosahaulika kambani. Lakini miaka kumi na tisa ya benchi hizi mimi sijahama hata mara moja, na sikuanza Alhamisi.

Mengine ni ya kawaida. Spika za siku hizi ni takataka, kila ninayoipima inakatika mapema. Mshonaji siku hizi ananong'ona. Na mama yako amekuwa mkimya, sijui uzee.

Baba yako


15 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima kabisa. Leo mchana nimekula wali na maharage na nusu ya embe, na nusu iliyobaki nimeificha, mtu wa dawati la jirani asiile. Umeridhika?

Barua yako imenivunja mbavu. Nimewasomea wenzangu hapa idara ya kumbukumbu sehemu ya mahakama isiyo na chai. Lakini nilipofika mwisho nikaacha kucheka, Baba. Nisikilize kwa utaratibu, usinikatize.

Unajua kazi yangu. Kila kipindi kikishakwenda hewani, mimi navaa vile vipokea sauti vya masikioni, nasikiliza na kuandika neno kwa neno mpaka mtu wa mwisho anapoaga. Mjadala ule wa Ngurumo na Daktari niliuandika mimi. Daktari hakunung'unika. Aliongea dakika kumi na moja, kwa utulivu, kila neno limekaa mahali pake. Sikurudisha nyuma hata mara moja, na wewe unajua mimi hurudisha.

Kazi hii imenifundisha jambo moja. Mtu akiongea kwa sauti nene unamwamini kabla hajamaliza sentensi, lakini maneno yakishaandikwa hayana unene. Kwa hiyo nakutumia karatasi sita. Ni mjadala wote, majina nimeyafuta, nimeandika tu Wa Kwanza na Wa Pili. Soma bila redio. Kisha niambie unakaa benchi gani. Pembeni nimeweka vidokezo vyangu kwa kalamu nyekundu, samahani, ni tabia.

La pili ni ombi. Kile kisanduku chako cha kupimia spika, kinachotoa mlio kuanzia ule mzito mpaka ule mwembamba: mkalishe Kiraka mbele yako na spika mpya. Wote mnyooshe mkono. Zungusha kitufe polepole. Kila mmoja ashushe mkono pale mlio unapomtoka. Ni hilo tu.

La tatu ni habari njema, niliitunza iwe ya mwisho. Tarehe 26 Juni nitakuwa hewani! Wamenichagua niwe msoma muhtasari wa "Pande Mbili", ule mjadala wenu wa Alhamisi, yaani yule anayekusanya hoja za kila upande mwisho wa kipindi. Ni mara moja kwa majaribio, wakinipenda nitabaki. Baba, nilijifunza kubishana nikiwa nimekaa chini ya benchi zako. Wakinisikia watu milioni na wewe usinisikie, kwangu nitakuwa sijaongea na mtu. Nataka unisikie. Sauti yangu ni ya filimbi, unaijua, ndiyo maana nakuomba hilo la kisanduku.

Msalimie Mama. Sidhani kama amekuwa mkimya.

Mwanao


20 Aprili

Baba,

Shikamoo tena. Huu ni mwezi na siku tano, na wewe ni mtu wa kujibu barua siku hiyohiyo, hata za kampuni ya maji.

Nimempigia Mama. Anasema u mzima, unakula, ila unashinda chumba cha nyuma na kisanduku chako na mlango umeufunga, na Alhamisi mbili hukufungulia watu redio. Alhamisi mbili! Mwalimu mstaafu ameniletea ujumbe kupitia Mama kwamba anakonda.

Kama nimekukosea, niambie. Sikutaka kukuvunjia heshima. Nakuwaza kila nikivaa vile vya masikioni.

Mwanao anayesubiri


2 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na unisamehe. Hukunikosea. Nilikuwa nimeona aibu, na mtu mzima akiona aibu hujifungia kama mtoto aliyevunja sahani. Sasa nimetoka, nakusimulia yote.

Barua yako ilipofika nilimwita Kiraka siku hiyohiyo, nikiwa na uhakika wa kumwaibisha. Yule mzee ananizidi miaka minne na amepiga nyundo karibu na masikio yake maisha yote. Tukakaa, mikono juu. Nikazungusha kitufe. Namba moja, mbili, tatu, mlio unakonda. Kwenye nne ukanitoka. Nikashusha mkono, nikasema, "Unaona? Spika mbovu." Kiraka mkono bado uko juu. Nikadhani ananitania. Nikazungusha tano, sita, saba. Mkono juu. Nikamwambia aache mzaha. Akatikisa kichwa tu, na macho yake yakaanza kunionea huruma, na hilo ndilo liliniuma. Alishusha mkono kwenye kumi na moja.

Binti yangu, unajua nimezirudisha spika ngapi kwa wauzaji mwaka huu? Kumi na nne. Nikiwatukana. Zote zilikuwa nzima.

Nilijifungia nikazipima tena moja moja, nikidhani labda mlango, labda waya, labda hali ya hewa. Kila moja ilinitoka kwenye nne. Kisha nikapiga hesabu yangu ya fundi: sauti ya Ngurumo inakaa kwenye moja na mbili. Ya Daktari, ya mshonaji, ya mama yako na yako wewe, ncha zake zote ziko juu huko nisikofika. Basi kumbe katika nchi nzima ya watu wanaoongea, mimi nilibakiwa na Ngurumo peke yake. Ningeachaje kumwamini? Mimi niliyemwinua mgeni kwa kukaa kabla hajasikia pande mbili, mwenyewe nilikaa nikiwa nimesikia upande mmoja. Nyani haoni kundule.

Alhamisi iliyopita nikafungua duka. Redio sikuiwasha. Nilisoma karatasi zako kwa sauti, Wa Kwanza kisha Wa Pili, nao walikuwa wamekaa kimya kama wanafunzi. Wa Kwanza anasema sikio likisaidiwa linazembea kama mguu wenye mkongojo. Nikaisema hoja hiyo kwa ufasaha kuliko mwenyewe. Halafu Wa Pili anasema: mkongojo huchukua kazi ya mguu, lakini kifaa hakichukui kazi ya sikio, kinalipelekea kazi. Sikio lisiloletewa sauti ndilo linalolala. Na babu mmoja ni babu mmoja, waulizwe pia wajukuu wa mababu wengine.

Nikatazama rafu yangu. Pale juu ipo redio ya mwalimu aliyoiweka kabatini miaka minane imefunikwa kitambaa ili isichakae, na imekufa kabisa, vyombo vyake vya ndani vyote vimekauka. Na chini yake ipo ya kinyozi, inalia kutwa nzima miaka ishirini, imekuja tu kubadilishwa kitufe. Miaka yote hii nawaambia wateja redio isiyowashwa ndiyo inayokufa. Jibu lilikuwa rafuni kwangu, na mimi nimeligeuzia mgongo.

Nikainuka. Nikatembea kutoka dirishani mpaka mlangoni. Ni hatua tano, za kwanza katika miaka kumi na tisa. Hakuna aliyecheka. Kiraka akanimiminia chai wa kwanza, akaniletea kwa mikono miwili. Mwalimu akavua miwani akaifuta. Kisha nikasema, "Sikio la kufa halisikii dawa," nikaanza kucheka mwenyewe, na hapo duka zima likalipuka.

Mama yako amenipeleka hospitali kupimwa. Karatasi ya vipimo hii hapa. Haya, mtoto, tafuta hicho kifaa.

Baba yako wa benchi la mlangoni


14 Mei

Baba mpenzi, bingwa wangu,

Shikamoo mara kumi na moja, mpaka kwenye namba ya Kiraka!

Nimelia, nimecheka, nimemkumbatia mtu wa dawati la jirani ambaye hajui kisa chochote. Hatua tano! Ningetoa likizo yangu yote niwepo nizione.

Kifaa kiko ndani ya kiboksi hiki. Niliipeleka karatasi yako kwa Daktari wa Masikio mwenyewe, nikamsimulia spika kumi na nne, akacheka hadi akaomba radhi. Kimepangwa kulingana na masikio yako, hakitamfaa mtu mwingine. Usikifungue kwa bisibisi. Narudia, Baba: usikifungue kwa bisibisi.

Ukikivaa tu, kazi imekwisha. Tarehe 26 Juni utanisikia kama niko jikoni. Na yule Ngurumo, sasa umeona mwenyewe, ni debe tupu kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Nilimwandikia "chumvi!" pembeni ya kila ukurasa.

Mwanao mwenye furaha isiyo na breki


29 Mei

Mwanangu,

Salamu. Tu wazima.

Kifaa kimo ndani ya droo, pamoja na skrubu. Nilikivaa siku tatu. Vijiko vinagongana kama karakana ya bati. Mama yako akifunua gazeti nadhani paa linaanguka. Nikitafuna, nasikia mwenyewe mpaka nimepoteza hamu ya kula. Dukani wakiongea watu wawili, nasikia sita, na simwelewi hata mmoja. Kabla yake nilikuwa sisikii kwa amani, sasa nasikia kwa fujo. Bisibisi niliishika, ndiyo, na mama yako akanishika mkono.

Na nikukumbushe. Ukurasa wa nne wa karatasi zako, Wa Kwanza anasema: "Nusu ya vifaa hivi vimelala kwenye madroo, kwa sababu mtu anapewa na kuambiwa nenda, hakuna anayemfundisha." Wewe ukaandika pembeni "chumvi!" Basi droo ninayo mimi, na chumvi unayo wewe.

Usiniletee kingine. Tarehe 26 nitakaa karibu na redio niangalie taa yake ikiwaka, nitajua ni wewe.

Baba


6 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Mstari wako wa mwisho nimeusoma nikiwa kazini, nikatoka nje nikasimama ukutani mpaka nilipoweza kurudi. Sitaki uangalie taa.

Kwa hiyo nimefanya kama ulivyonifundisha. Niliuchukua ukurasa wa nne, nikafuta "chumvi!" yangu, nikajilazimisha kuisema hoja ya Ngurumo kama ningekuwa namuunga mkono. Ni hii: kifaa kizuri bila mafunzo ni kama kumpa mtu baiskeli na kumwachia mlima, akianguka tunamlaumu yeye. Anayetoa kifaa anajisikia amemaliza kazi, na kazi ndiyo kwanza inaanza. Ndivyo, Baba?

Kama ni ndivyo, basi alisema kweli, na aliyetoa kifaa akajiona amemaliza ni mimi. Kwa sababu Ngurumo alikosea ukurasa wa kwanza, nikaamua amekosea kurasa zote sita. Nilimhukumu mtu badala ya kupima hoja, na mimi ndiye ninayelipwa kuandika neno kwa neno! Kumbe hata karatasi haimsaidii msomaji aliyekwisha kukasirika.

Nimehama benchi. Niko dirishani na Ngurumo, kwa ukurasa wa nne tu. Usinicheke.

Nilirudi kwa Daktari. Naye akakubali, bila kusita. Akasema Ngurumo alipotamka lile la madroo, yeye aliinamisha kichwa kule studio, kwa sababu ni kweli. Akasema sikio lililonyamaziwa muda mrefu limesahau kuchagua, kila kitu kinaingia kwa mlango mmoja. Linafundishwa upya. Siku za mwanzo, saa moja tu kwa siku. Chumba tulivu, sauti moja ya mtu unayemjua vizuri, umtazame anapoongea. Kisha saa mbili. Kisha jikoni. Duka ni la mwisho kabisa. Hakuna aliyeniambia hivyo kwa sababu sikuuliza, nilikuwa na haraka ya kushinda.

Zimebaki siku ishirini. Sitakuahidi chochote tena. Nakuomba tu ufungue droo, umtafute Mama, mkae chumba cha nyuma.

Mwanao wa benchi la dirishani


16 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na kwanza kabisa: NDIVYO. Nimeliandika kwa herufi kubwa ulibandike hapo kwenye dawati lako. Chai yako ya wa kwanza ninakuwekea, ukija utaikuta imepoa lakini ni yako.

Droo nimeifungua. Nilipokisoma kile kipande cha wewe kuhama, sikuwa na uso wa kubaki nimekaa. Mtoto ahame, baba agande? Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Sasa nikuambie kuhusu huyo mama yako mkimya. Siku ya kwanza tulikaa chumba cha nyuma, yeye kwenye kiti, mimi kwenye kreti la redio. Nikakivaa. Nikamwambia, "Haya, sema chochote." Akavuta pumzi. Binti yangu! Mwanamke huyu alikuwa na maneno ya mwaka mzima ameyahifadhi. Alianza na kitasa cha choo alichoniambia tangu mwezi wa nane. Akaja kwenye shati langu la kijani, kwamba anachukia lile shati na ameshaniambia mara tano, na mara zote nilimjibu, "Asante." Saa moja ikaisha, anasema bado yuko mwezi wa kumi.

Siku ya pili tukaingia mwezi wa kumi na moja. Siku ya nne akaishiwa malalamiko, akabaki ananitazama, kisha akaniambia polepole, "Nilidhani umenichoka." Nilimshika mkono, na saa moja ikapita tukiwa hivyo, Daktari atusamehe kwa kupoteza kipindi.

Siku hizi tuko jikoni. Vijiko vimeanza kuwa vijiko. Juzi nimesikia bomba linadondosha matone, nikalitengeneza. Jana asubuhi nimegundua mama yako huimba kwa sauti ya chini akifagia. Miaka mingapi sijaisikia ile? Nimesimama nyuma ya mlango mpaka akamaliza, nisimkatishe.

Kitasa nimekitengeneza. Shati nimempa Kiraka, linampendeza zaidi.

Duka bado ni gumu. Wakiongea wengi nachanganyikiwa, navua. Kwa hiyo kuhusu tarehe 26 nami sitakuahidi, naogopa kama unavyoogopa. Lakini nafanya mazoezi na redio kwa sauti ndogo, na taa nimeibandika kipande cha karatasi, nisiitazame.

Baba yako

(Hapa ni Mama. Amenipa nafasi ya mistari miwili. Anavaa kila siku bila kusukumwa. Na hilo la kitasa, nilimwambia tangu mwezi wa SABA.)


27 Juni

Mwanangu, mama, kitindamimba wangu,

Sijui nianze na salamu au nianze na kelele. Salamu. Tu wazima. Wote, na paka, na mtaa mzima.

Jana duka lilijaa hata Kiraka alikaa juu ya televisheni mbovu. Mshonaji alileta mto wa kukalia. Niliwakusanya nikawaambia mapema: "Leo akizungumza mwanangu, anayetaka kukohoa akakohoe barabarani." Mama yako alikaa kulia kwangu, upande wa sikio zuri zaidi, akiniminya goti kama kitufe.

Mada ikawa ile ya kufunga barabara ya soko, magari yasipite. Na nani yuko studio kutetea ifungwe? Ngurumo mwenyewe! Na kumpinga, yule mwenyekiti wa wenye maduka, mama mwenye sauti nyembamba kama sindano. Nilimsikia, mwanangu. Si kila neno, maneno mawili matatu yaliniponyoka, lakini hoja yake niliishika yote. Ngurumo akasema magari yakiondoka watu watanunua zaidi kwa kuwa watatembea kwa raha. Yule mwenyekiti akajibu, je, mnunuzi wa gunia atalibeba kichwani? Sikujua nikae wapi. Nikasimama katikati, na nilifurahi kusimama.

Halafu mtangazaji akasema, "Muhtasari," na kikapita kimya kidogo, na katika kimya hicho nikasikia mtu anavuta pumzi. Nilikujua kwa pumzi, kabla hujasema neno. Ndivyo ulivyokuwa ukivuta ukiwa chini ya benchi, unataka kubisha na unaogopa wakubwa.

Ukaanza. Filimbi yangu. Kila neno lina ncha yake, na ncha zote zikanifikia.

Ukaichukua hoja ya Ngurumo, ukaisema. Hukuipunguza, hukuichekesha, uliisema vizuri kuliko alivyoisema. Mimi nilishika ukingo wa meza, kwa sababu niliona unakoelekea. Kisha ukamuuliza pale hewani, mbele ya nchi nzima, "Ndivyo, mzee wangu?" Na lile pipa likajibu, taratibu, kama mtu aliyepewa zawadi asiyoitarajia: "Ndivyo hasa, dada yangu. Ndivyo."

Duka lililipuka! Mwalimu mstaafu alipiga benchi kwa fimbo hadi likapasuka. Mshonaji analia, Kiraka ameanguka kutoka kwenye televisheni. Nilipiga yowe wanyamaze, maana hukuwa umemaliza. Ukaonyesha hoja yake inasimama wapi, kwa watembea kwa miguu, na inateleza wapi, kwa mwenye gunia. Na ya yule mama vilevile, bila upendeleo. Kisha ukasema barabara ifungwe asubuhi tu, na hapo, samahani, nakupinga! Mizigo inakuja asubuhi, mtoto. Ulizia watu wa soko. Nilihama mbele ya watu wote kwenda kukaa kinyume na damu yangu, nikapewa chai wa kwanza, na nimeinywa nikiringa.

Lakini wakiniuliza kama unafaa kubaki kwenye kipindi, sina benchi la pili.

Jambo la mwisho. Leo asubuhi nimeichukua ile simu yangu, nikaifunga skrubu zote, nikampigia mshonaji. Nimemsikia mpaka akanikumbusha suruali zangu nilizoziacha kwake. Kumbe simu ilikuwa nzima tangu Machi.

Kwa hiyo barua hii usiijibu. Weka kalamu chini. Mimi niko chumba cha nyuma, mlango uko wazi, mama yako anafagia na anaimba. Piga sasa hivi, na ukipokelewa usiseme kitu kwanza. Vuta pumzi tu.

Baba yako anayekusikia